Kila Nikiandika, Naiuza Tena

Katika mwisho wa kwanza sikuiuza.
Nilimpa dalali chai ya tangawizi, nikamrudishia karatasi zake,
na Famau akafa mwezi wa Rajabu, figo zote mbili zimenyamaza,
chini ya boriti alizozihesabu tangu utotoni:
ishirini na tatu, moja imeliwa na mchwa.
Mazishi niliyaandika vizuri mno.
Nilimtia hata punda aliyegoma kulipisha jeneza
kwenye kichochoro cha Mkomani.
Kisha nikaona haya: nimemuua ndugu yangu
ili sentensi zitulie.

Katika mwisho wa pili niliiuza, na wote wakanielewa.
Shangazi Mwanamize alinibusu kipaji cha uso.
Mnunuzi aliviacha vidaka kama alivyovikuta.
Huo niliuchana. Hata karatasi ilikuwa ikinicheka.

Lililotokea ni hili, halina nakshi:
nilitia sahihi Jumanne. Kalamu yangu iligoma,
nikaazima ya karani, wino wa kijani.
Sasa tumepanga chumba Malindi,
na mara mbili kwa juma Famau anasafishwa damu,
saa nne kila mara, mimi kando yake na daftari:
mbele madeni ya dukani, nyuma hadithi.
Kule Amu, uani, mama alipokuwa akianika kanga zake,
pamechimbwa kidimbwi cha kuogelea,
kidogo, cha watu wawili wasiogombana.

Shangazi hasemi nami.
Alituma ubeti kwa mkono wa kondakta wa basi,
umekunjwa mara nne kama hirizi:

    Nyumba haina lisani,
    haiji mahakamani,
    hukungoja usikuni
    ikuulize beiyo.

Siku kumi nilitafuta vina vya kumjibu.
Vina nilivipata.

Nikarudi kwa mhusika wangu. Nimemwita Mwanajumwa,
nimemfanya mrefu, mkavu wa macho, asiyeogopa mawakili,
na bado alipofika kwa karani
alisita palepale niliposita mimi,
akawaza lilelile nililoliwaza,
ambalo sikuwahi kumwambia mtu:
si figo, si ndugu, si marehemu baba.
Aliwaza kwamba bei ni nzuri.

Sikumtuma aliwaze hilo.
Nilikuwa nimemwandalia machozi, mstari mzima,
akaupita kama mtu apitaye mlango wa jirani asiyemsalimu.

Jana nilimsomea Famau, mashine ikizungusha damu yake
kwenye mipira myembamba, nyekundu kwenda, nyekundu kurudi.
Alifumba macho, nikadhani kalala.
Nilipofika kwenye bei, nikairuka.

"Umeruka," akasema. "Rudi."

Nikarudi. Nikasoma, sauti ikinikauka.
Mgonjwa wa kiti cha pili aliacha kutafuna njugu.
Famau hakunitazama. Alitazama dari,
dari la mbao nyembamba, jeupe, lisilo na cha kuhesabu.

"Usimsamehe upesi, huyo Mwanajumwa," akasema.
"Wala usimnyonge. Unapenda kunyonga watu kurasa za mwisho.
Mwache asimame pale kwa karani, asimame kidogo,
nami nimwone."
Halafu, baada ya kimya ambacho sikujua nikiandike vipi:
"Na boriti ni ishirini na nne.
Moja huioni mpaka ulale kitandani kwangu."

Nikakata tatu, nikaandika nne.

Mwisho wa tatu bado.
Mwanajumwa amesimama, kalamu ya kuazima mkononi,
nje punda analia, karani anapiga miayo,
na mimi, niliyezoea kumsukuma, nimeuondoa mkono wangu mgongoni mwake.

Muuguzi akaja kuchomoa sindano.
Nikakandamiza pamba kwenye mkono wa ndugu yangu.
Yeye, kwa mkono uliobaki, akanishikia daftari
ukurasa usijifunge.